Maneno ya Kabla ya Kifungu cha Kwanza

Jumapili, saa tisa mchana. Mvua imekatika sasa hivi, bati bado linadondosha.

Nimechoka. Siyo uchovu wa jembe, huo naujua na dawa yake ni kulala. Huu ni uchovu wa kukaa kwenye kigoda kutwa nzima, kusikiliza wanaume wakisomeana karatasi. Hiyo ilikuwa jana. Leo magoti yamekataa hata kwenda kanisani, na mimi sikubishana nayo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni Wegesa, bibi wa Nyanungu, wilaya ya Tarime. Shule sijaingia hata siku moja, hata kuchungulia dirishani. Nasema kwenye simu, binti yangu Mkami aliyeolewa Morotonga huko Serengeti anasikiliza, anaandika, anaweka hapa. Mkami, leo usinipunguzie maneno. Mara ya mwisho uliniandika kama mtu mpole, watu wakanipigia simu kuuliza kama naumwa.

Leo nataka kusema habari ya katiba. Usicheke.

Lakini siwezi kusema habari ya katiba kabla sijasema habari ya Ghati. Ghati ni mke wangu. Najua kuna msomaji wa mbali hapo amesimama, akune kichwa kisha aendelee. Mume wangu alifariki akaniacha na mabinti wanne, mtoto wa kiume hakuna. Kwetu Wakurya nyumba ya namna hiyo ina njia yake: mwanamke anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wanakuwa watoto wa ile nyumba, wanabeba jina la marehemu. Tunaiita nyumba ntobhu. Mambo ya kitandani baina yetu hayapo, nawajibu mapema wale wa mjini ili nipumzike. Ghati kwangu ni kama mkwe kwa mama mwenye mwana, ila mwana mwenyewe hayupo. Ana watoto watatu. Aliyewazaa hatajwi, ndiyo mila. Wanaitwa kwa jina la mume wangu, mtu ambaye hawajamwona hata kwa picha, maana picha hakuwahi kupiga.

Hao watatu ndio wajukuu ninaolala nikiwasikia wanakohoa na kuamka nikiwasikia wanagombana. Mtu akiwagusa, namng'ata.

Sasa hiyo katiba.

Watu wa ardhi wametangaza kwamba watakuja kupima maeneo ya koo huku kwetu, wayaandikie hati. Ukoo unaotaka kuandikiwa lazima upeleke vitu viwili: katiba ya ukoo, na orodha ya wanaukoo. Asiye kwenye orodha hana fungu. Shamba analolima Ghati, lile la kuelekea mtoni lenye mahindi na muhogo, ni la ukoo. Nikiwa hai hakuna wa kumgusa pale, maana atapita kwanza kwangu. Nikifa ndiyo habari nyingine. Nina shemeji mwenye wana saba na shamba dogo, na macho yake nimeyaona yakitembea kwenye ule muhogo.

Kwa hiyo jana tulikwenda wote, mimi na Ghati, kwa huyo shemeji, Mwita, mdogo wake marehemu mume wangu. Ndiye mwenyekiti wa ukoo. Watu walikuwa kama hamsini, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye vigoda na kanga zilizotandikwa. Katibu ni Mwalimu Marwa, mtoto wa kaka mkubwa wa mume wangu, amestaafu ualimu na sasa hana wa kumfundisha ila sisi. Ni kijana mzuri. Namwita kijana, ana mvi hadi kwenye nyusi.

Akasimama na karatasi zake. Akasema utangulizi, haraka haraka, kama mtu anayekohoa kusafisha koo. Kisha akaanza vifungu. Kifungu cha ada, watu wakaguna. Kifungu cha faini ya kulewa msibani, watu wakacheka wakimtazama mzee mmoja ambaye sitamtaja kwa sababu bado ana deni la kunisalimia. Kifungu cha jeneza, kifungu cha anayeoa, kifungu cha anayetukana kwenye kikao. Kila kifungu kinajadiliwa hadi kinachoka, kisha kinapigiwa makofi.

Mimi nilikuwa bado niko kule mwanzo.

Mtu asiyejua kusoma ana kitu kimoja ambacho msomi amekipoteza. Neno likipita sikioni mwangu, sina karatasi ya kulirudia, kwa hiyo nalikamata palepale. Na nilikuwa nimekamata neno kule kwenye kile kikohozi cha Mwalimu Marwa, na neno lenyewe lilikuwa linanichoma.

Nikanyoosha mkono. Mwita akasema, "Shemeji, swali la jeneza?"

"Hapana, jeneza nimelikubali. Mwalimu, nirudishie mwanzo. Yale ya kabla ya kifungu cha kwanza."

"Mama, ule ni utangulizi tu."

"Nirudishie huo huo utangulizi tu."

Akarudia, safari hii polepole. Iliandikwa kwamba sisi, wana wa Magige, tuliotokana na damu yake, tumekusanyika, na kadhalika na kadhalika. Magige ndiye babu mkubwa wa ukoo. Nikageuka nikamtazama Ghati. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Mnaona? Hakuna kifungu hata kimoja kilichosema watoto wa Ghati watoke. Vifungu vyote vilikuwa vizuri, vingine nilivipigia makofi mimi mwenyewe. Walitolewa mlangoni, kabla watu hawajaingia ndani kuanza kujadili. Ukishasema "sisi" ni wa damu, mambo yote yanayofuata, fungu, ardhi, kaburi, yanawahusu wa damu, na huhitaji tena kumfukuza mtu. Amekwisha kuwa nje na hajasikia mlango ukifungwa.

Nilisimama. Kusimama kwangu siku hizi ni kazi ya hatua tatu, na watu wote wanaingoja iishe.

"Mwalimu, hiyo damu umeitoa wapi?"

Akasema ndivyo katiba zinavyoandikwa, lazima zianze kwa kueleza watu wenyewe ni akina nani. Akasema hata katiba ya nchi ina utangulizi. Akainua kijitabu alichokuwa amekuja nacho cha mfano, kimechakaa, nadhani alikitumia shuleni.

"Basi nisomee cha nchi."

Mwita akaanza kusema muda unakwenda. Nikamwambia shemeji, muda umekwenda tangu kwenye faini ya pombe na hukuuona.

Mwalimu akasoma. Siwezi kurudia neno kwa neno, lakini maana niliishika. Yanasema hayo maneno kwamba wananchi wa nchi hii wameamua, kwa dhati, kujenga jamii yenye uhuru, haki, udugu na amani. Kisha yanaeleza kwamba mambo hayo hayawezi kusimama ila watu wajitawale kwa kuchagua wa kuwasemea, na mahakama zisiogope mtu. Kisha ndiyo yanasema, kwa sababu hiyo, katiba hii imetungwa. Nilimfanya asome mara mbili. Mara ya pili hata waliokuwa wanasinzia walifumbua macho.

"Damu iko wapi humo?"

"Haipo, mama."

"Tafuta vizuri."

"Haipo. Kuna udugu."

"Nchi yenye Wakurya, Wajaluo, Waikoma, Wamakonde, na Wapemba ambao sijawahi kuwaona, imeweza kuanza bila kutaja damu. Ukoo wa Magige, watu wanaoenea kwenye uwanja wa Mwita, unashindwa?"

Mwita si mjinga. Alisema, "Nchi siyo ukoo, shemeji. Kwenye nchi hakuna mahari."

"Kwenye ukoo ipo, ndiyo maana nimesimama. Ng'ombe kumi na wawili walitoka zizini kwangu kwenda Nyangoto kumleta Ghati. Mlikuja nyote. Mlikula. Wewe mwenyewe uliomba kongoro ukapewa. Siku hiyo hukuuliza damu."

Wanawake wakacheka, na wanaume watatu wanne wakacheka kwa kujificha. Na nilikuwa na haki, mila yetu haijawahi kusema damu. Mila inasema ng'ombe. Mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, iwe ni kwa mume aliye hai au kwa mwanamke mjane kama mimi. Mwalimu Marwa anajua hilo kuliko mimi. Alilisahau kwa sababu alikuwa anaandika Kiswahili cha karatasi, na kwenye Kiswahili cha karatasi neno damu linapendeza. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Mwita ndiye aliyeliona likipita akaliacha lipite.

Mwalimu, Mungu ambariki, alitoa kalamu palepale. Akasema, "Mama ana hoja. Tuandike kama ya nchi. Sisi, watu wa nyumba ya Magige, tumeamua wenyewe kuwa kitu kimoja." Watu wakaanza kupiga makofi. Nikakaa. Niliketi kama mtu aliyeshinda kesi.

Hapo ndipo Mwita alipotoa ujanja wake. Au labda haukuwa ujanja. Nimelifikiria tangu jana na bado sijui.

Alisema, "Sawa. Kama ni kuamua, basi mtu haamuliwi na mwingine. Ghati, simama useme kwa mdomo wako. Umeamua kuwa mmoja wetu?"

Ghati akasimama. Ni mwanamke mrefu, haongei kwenye vikao, na kwangu haongei sana pia. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Jibu nililijua, ilikuwa kusema ndiyo tu na kukaa.

Akasema, "Shikamooni wazee. Mimi sijawahi kuulizwa."

Mwita akasema, "Unaulizwa sasa."

"Hapa siulizwi. Watu wote hawa wananitazama, na mama amekaa hapo ananitazama kuliko wote. Nikisema ndiyo, mtasema ningesema nini tena. Nikisema hapana, watoto wangu walale wapi? Swali lenye jibu moja siyo swali, baba mdogo. Naomba niulizwe nyumbani. Naomba siku."

Kisha akaketi, akavuta kanga yake juu ya magoti.

Hata kuku wa Mwita walikuwa wanasikika wanavyokwaruza. Mwishowe yule mzee wa faini ya pombe akasema, "Mama Mkami, leo umepata wa kukushinda mdomo, na kumbe ulimlea mwenyewe," watu wakacheka wakapata pa kupumulia. Mwita akaahirisha kikao hadi Jumamosi ijayo. Siku hiyo orodha inafungwa. Jina litakalokuwepo litakuwepo.

Njia nzima ya kurudi nilimkasirikia Ghati. Nasema ukweli. Alitangulia mbele na vigoda vyote viwili kichwani, mimi nyuma na fimbo kwenye tope, na moyoni nikawa nahesabu mema yangu. Nani alikesha naye alipojifungua? Nani alimpiga kwa mwiko yule jirani aliyemtukana kisimani? Nani aliuza blanketi lake yule mtoto wa pili alipougua? Nimempigania mbele ya watu hamsini na yeye anasema hakuulizwa!

Nilipofika nyumbani nilikataa uji. Mtoto mdogo akaniletea tena, nikaunywa, maana yeye hana kosa.

Leo asubuhi wamekwenda kanisani, nikabaki peke yangu na mvua. Na ubongo uliofanyishwa kazi jana haukubali kupumzika leo.

Yale maneno ya katiba ya nchi yanasema wananchi wameamua. Niliyapigania jana kama mali yangu. Lakini Mwalimu aliposoma yale ya mwisho, alisoma kwamba katiba imetungwa kwa niaba ya wananchi. Nilimuuliza ni mwaka gani, akanitajia. Mwaka huo mimi nilikuwepo. Nilikuwa mke kijana, nalima mtama, na mgongoni nina mtoto. Hakuna aliyekuja kuniuliza kama nimeamua. Nilikuwa mmoja wa hao "sisi" na sikuwa na habari.

Sasa nikajiuliza, je, nilionewa? Nikaona sijui. Maneno ni mazuri. Uhuru, haki, udugu, amani, nani atakataa? Hata mimi ningeulizwa ningesema ndiyo. Nadhani maneno ya namna hiyo ni kama ahadi iliyotolewa kwa jina lako kabla hujafika. Ukifika unaweza kuidai. Jana niliidai, ikanisaidia. Hiyo ndiyo faida yake, na mtu asiniambie kwamba utangulizi ni mapambo. Vifungu vinakwambia ufanye nini. Utangulizi unakwambia wewe ni nani katika jambo hilo, na kama hujamo, vifungu vyote ni hadithi ya watu wengine.

Lakini kudai siyo sawa na kuulizwa.

Nikakumbuka siku ya ng'ombe kule Nyangoto. Kwetu kabla ng'ombe hawajaingia zizini kwa wakwe, mzee anasimama na kutaja. Ng'ombe hawa ni wa nyumba ya nani, wanakwenda nyumba ya nani, kwa ajili ya nani. Ndipo wanaingia. Hayo ni maneno mazito, hayarudiwi, na mimi nilihakikisha yanasemwa sawasawa. Nilimwambia mzee wetu ataje nyumba yangu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Ikatajwa nyumba yangu. Ikatajwa nyumba ya baba yake Ghati, ambaye mashimo ya dhahabu yalikuwa yamemmaliza nguvu na mali, akawa anawatazama wale ng'ombe kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria.

Ghati alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alikuwa na miaka ishirini. Alisikia jina lake likipita nje, kwenye midomo ya watu wengine.

Huo ndio ulikuwa utangulizi wetu mimi na yeye. Tangu hapo zimefuata sheria nyingi, na zote nilizitunga mimi. Saa ya kuamka. Shamba lipi kwanza. Jina la mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nani awe baba yao, hilo tu nilimwachia mwenyewe. Ndilo jambo pekee nililomwachia, na hata hilo nililiacha kwa aibu, siyo kwa wema.

Nilimpenda. Nampenda. Kumpenda mtu na kumuuliza ni vitu viwili, na nimefika umri huu ndipo naviona viko mbalimbali.

Waliporudi kanisani niliwangoja wamalize kula. Watoto wakatoka. Ghati akabaki anaosha vyombo pale kwenye beseni mlangoni. Nikasema, "Haya. Unakaa au unaondoka?"

Hakugeuka. Akasema, "Mama, hivyo ndivyo anavyoulizwa mbuzi."

Alikuwa na haki tena. Siku mbili mfululizo, ataharibika.

Nikakumbuka alivyosema, kwamba swali lenye jibu moja siyo swali. Akikubali analala, akikataa hana pa kulala, basi hata nikiuliza kwa sauti ya malaika bado ni amri. Nikaona kwamba nikitaka kumuuliza kweli, lazima kwanza hilo "hapana" nilitafutie mahali pa kulala.

Nina shamba la migomba kule juu, karibu na kisima. Siyo la ukoo. Nililinunua kwa kuuza tumbaku nikiwa bado na mgongo, lina karatasi ya kijiji yenye dole gumba langu. Mwita hana neno juu yake, na Magige mwenyewe akifufuka hana neno juu yake.

Nikasema, "Ghati, lile shamba la migomba nataka liwe lako. Liandikwe jina lako na la watoto. Ukijibu ndiyo Jumamosi, ni lako. Ukijibu hapana, ni lako. Ukisema unarudi Nyangoto, utalikodisha. Sasa nakuuliza. Unataka kuwa mtu wa nyumba hii?"

Mkono wake ulisimama ndani ya maji. Niliona sufuria ikizama polepole, akaiacha izame.

Akasema, "Sasa ndiyo umeuliza."

Nikangoja. Nilidhani jibu linafuata.

Akasema, "Nitakwambia kabla ya Jumamosi." Akaendelea kuosha. Nilipoinuka kuondoka akanishika mkono wakati wa ile hatua ya pili, ambayo ndiyo mbaya, na mkono wake ulikuwa na povu. Sijui ulikuwa mkono wa kukaa au mkono wa kuaga. Nilitaka kuuliza, nikajizuia, na kujizuia huko kumenichosha kuliko kikao chote cha jana.

Nikaja hapa chini ya bati, nikaichukua simu nikuambie, Mkami.

Na hapa nilikuwa namalizia. Nilikuwa natafuta neno la kufungia, lile ambalo ungeliandika peke yake kwenye mstari wake, unavyopenda wewe. Nimeshtuka badala yake.

Mkami. Lile shamba nilikuahidi wewe.

Nilikuahidi siku uliyokuja na mumeo ukalia, ulipokuwa huna pa kupanda hata mchicha. Nilisema migomba ni yako nikifa. Ulikuwa unakuja kila mwaka kupalilia. Na leo nimeligawa kwa mwingine, na wewe unalisikia kwenye simu, pamoja na watu wote watakaosoma, na ni wewe unayeliandika kwa vidole vyako.

Nimefanya tena. Siku ileile, saa ileile, mdomo uleule. Nimesimama kutoa mali kwa niaba ya mtu aliyekuwa jikoni.

Usifute hapo. Najua ungependa kufuta, ama kunisitiri mimi ama kujisitiri wewe. Acha watu wasome. Mimi sina shule, nitajifunza wapi ila kwa kuonekana?

Sikiliza sasa. Karatasi bado. Nilipanga kwenda kwa mtendaji wa kijiji Alhamisi nikaweke dole. Ghati nimemwahidi, na ahadi ile sitairudisha tumboni, lakini nilichomwahidi hasa ni mahali pake mwenyewe, siyo lazima iwe migomba hiyo. Ukisema hapana, nitauza ng'ombe wawili niliobakiwa nao nimtafutie Ghati eneo lingine, dogo, lakini lake. Nitakunywa uji bila maziwa, sijafa. Hapana yako nimeitafutia mahali pa kulala, nimelihakikisha hilo kabla sijafungua mdomo, uone kwamba nimeanza kujifunza, japo polepole.

Basi nakuuliza, binti yangu. Unakubali shamba la migomba liende kwa Ghati?

Usinijibu kwa hasira. Usinijibu kwa kunionea huruma, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Usinijibu leo.

Nanyoosha miguu hapa, nangoja majibu ya wanawake wawili. Kungoja sijazoea.